Daftari la Mbung'o

Mwezi uliopita kijana mmoja alinitembelea hapa Nyahanga, simu mkononi, maswali yake ameyaandika kwenye karatasi. Anakusanya habari za waandishi wazee, na mimi nimevuka themanini, basi nikawa nafaa. Akaniamkia vizuri, akanywa soda, akauliza: "Bibi, ulianza kuandika lini?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba nilianza shuleni kwa masista, insha zangu zikasifiwa, na kadhalika na kadhalika. Akashukuru, akapanda pikipiki yake, akaondoka. Nami nikabaki barazani na hasira. Sikumkasirikia yeye, nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilimdanganya mtoto wa watu bure.

Masista walinikuta nimeshaanza. Nilianza nikiwa na miaka kumi hivi, kwa penseli ya Serikali, kwenye daftari la kuhesabia mbung'o. Na jambo la kwanza nililolitunga kichwani, nikaliandika na likaaminiwa, liliua ng'ombe kumi na wanne wa kwetu, mbali na wa majirani. Haya, hilo unamwambiaje kijana wa pikipiki? Tangu siku ile sijatulia. Nafua nguo zilizo safi, nahamisha viti, nawagombeza wajukuu ambao hawajanikosea. Basi ngoja nikuambie wewe, rafiki yangu, labda nitapata kukaa kitako.

Ukoo wetu wote una kiguu na njia, isipokuwa Bibi. Bibi mzaa baba alikuwa na mji wake, nyumba na zizi, upande wa Mwakitolyo, Shinyanga, na hapo ndipo nilipozaliwa na kulelewa mpaka nilipofika miaka minane. Miaka ile ya arobaini pale palikuwa na mbuga, vichaka vya miiba, na vumbi jeupe lililoingia mpaka kwenye ugali. Niliamshwa na sauti ya kibuyu. Bibi alikuwa akitikisa maziwa kutoa siagi, akikipigisha kibuyu pajani mwake, na alikuwa akiimba chini chini nyimbo ambazo hakutaka tuzisikie. Juu ya miamba tulianika matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukatwakatwa, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi. Niliifanya vibaya sana, maana nilikuwa nakula mwenyewe kuliko hao mbuzi.

Babu sikumkuta. Alizikwa ndani ya zizi, kama walivyozikwa wenye miji wote wa kwetu, katikati kabisa, ili ng'ombe wake waendelee kulala juu yake. Jioni ng'ombe walipoingia, Bibi alisimama mlangoni mwa zizi akawahesabu kwa macho, kisha akamwambia mumewe kwa Kisukuma, kama mtu anayeongea na mgonjwa aliyelala chumba cha pili: "Haya, wamefika wote." Halafu akaja kutupakulia. Mimi nikadhani kila nyumba duniani ina babu zizini.

Baba yangu alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alikuwa Geita kwenye dhahabu, na kila aliporudi alikuwa na kofia mpya na kikohozi kilekile. Safari moja alirudi akatangaza kwamba anatuhamisha, mama yangu na mimi, na Bibi pia, tukaishi wote magharibi, kwenye misitu na mvua. Bibi alicheka. Akauliza huko kuna ng'ombe? Baba akasema hapana, kuna mbung'o, ng'ombe wakiumwa nao wanakufa, Serikali imekataza wasipite. "Basi mnaenda ninyi," Bibi akasema. "Mimi siendi mahali ng'ombe wangu hawaruhusiwi. Siku watakapoitwa wao, na mimi nitakuja." Nilimng'ang'ania kiunoni mpaka mama akanichomoa kwa nguvu.

Tulitembea siku nyingi, mimi sikumbuki ngapi. Nakumbuka masikio ya mama chini ya mzigo aliojitwisha, yalivyokuwa mekundu kwa vumbi, na nakumbuka miti ilivyozidi kukaribiana kadiri tulivyoiacha Kahama nyuma. Karibu na Runzewe, ambapo wakati huo palikuwa na maduka mawili matatu na kisima, tulikuta kizuizi barabarani. Ndicho kizuizi cha mbung'o. Kila aliyepita, awe anakwenda Geita kutafuta dhahabu au anarudi mikono mitupu, alisimamishwa, na mtu mwenye wavu akamzunguka akimpangusa mbung'o mgongoni na kwenye baiskeli, wasibebwe kupelekwa kwenye nchi ya ng'ombe. Watu wazima na ndevu zao wakigeuzwageuzwa kama mtoto anayeogeshwa! Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Sisi tulikivuka, lakini hatukwenda mbali. Baba alisikia kuna kazi, na dhahabu ilikuwa imeshamchosha, maana ilimpa kikohozi tu. Akaenda kwa Mzungu aliyesimamia mambo yale, tuliyemwita Bwana Mbung'o, akaulizwa kama anajua kusoma na kuandika. "Sana, Bwana," akajibu baba yangu. Loo! Baba alijua kuandika jina lake, na hata hilo alilianzia popote kalamu ilipoangukia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Msitu ulikuwa umefyekwa njia nyembamba, ya mwendo wa asubuhi nzima. Baba alijifunga kitambaa cheusi mgongoni, akapita njia hiyo kila siku ya Mungu, taratibu, kama fahali mzee. Mbung'o wanapenda kitu cheusi kinachotembea. Wakitua, anageuka na wavu wake mdogo, anawakamata, anawatia kwenye kiberiti kitupu. Kisha anatakiwa aandike kwenye daftari: tarehe, na mbung'o wangapi. Wakipungua, maana yake ufyekaji wa msitu umefaulu. Wakiongezeka, watu wanaongezwa mashoka.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa nasoma kwa katekista, tulikaa juu ya matofali ya udongo na kuandika mchangani, na namba nilizijua vizuri kuliko wavulana wote. Baba alirudi saa sita, akakaa kivulini, akanitupia kiberiti. Nikakifungua polepole, nikawahesabu wale wadudu waliofunga mabawa yao moja juu ya jingine kama makasi, nikaandika. Mama alikuwa akikaranga karanga, akitucheka. Kila mwisho wa mwezi Bwana Mbung'o alikuja na gari lake, akalifungua daftari na kusema kwa Kiswahili chake kigumu kwamba mwandiko ni mzuri sana. Baba akasema asante. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikavimba kwa majivuno. Nani hakuwahi kutamani kusifiwa kwa mwandiko wake? Ugonjwa huo sijapona mpaka leo.

Lakini ndani yangu sikuwa na raha hata chembe. Tulikula ugali wa muhogo na asali na nyama ya porini, vyakula ambavyo wengine wangevifurahia, na mimi nikalilia maziwa. Nilikuwa nikitoka nje alfajiri nasikiliza kama kuna kibuyu kinatikiswa. Hakuna. Kulikuwa na ndege, na watu wa Geita wakipita njiani na visahani vyao vya kuoshea dhahabu vikigongana mgongoni. Kila aliyekuwa anarudi Shinyanga nilimpa salamu: mwambieni Bibi ng'ombe wataitwa. Nilikuwa nimeanza kutunga, unaona, hata kabla ya penseli.

Basi kiangazi kimoja msitu ulifyekwa upana mkubwa, na kiberiti kikaanza kurudi chepesi. Wanne. Wawili. Mmoja. Bwana Mbung'o alipokuja akamwambia baba, nami nikasikia kwa masikio yangu: daftari hili likionyesha mwezi mzima bila mbung'o hata mmoja, atafungua njia ya ng'ombe. Mwezi mzima. Rafiki yangu, sijawahi kuombea kitu vile. Nilimuomba Mungu wa katekista, nikamuomba na Babu zizini, nisije nikakosea mlango.

Na kiberiti kikarudi kitupu. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Niliandika sufuri zangu mviringo kabisa, moja chini ya nyingine. Siku ya ishirini. Ya ishirini na tano. Baba mwenyewe alianza kuniangalia na kutabasamu. Siku ya ishirini na saba alirudi na homa, akanitupia kiberiti, akaingia ndani kulala. Nikafungua. Walikuwa watatu.

Nilikaa nao pale chini. Walikuwa wanaanza kutembea juu ya vidole vyangu. Nilifikiri siku tatu tu zimebaki. Nilifikiri hawa watatu wamepotea njia, si wa hapa, wataondoka. Mtoto akitaka kitu anajua kujitetea kuliko wakili. Kuku wa mama walikuwa wakiparua karibu yangu, nikawamwagia. Mbung'o mmoja aliruka, jogoo akamdaka hewani. Nikachukua penseli, nikaandika sufuri. Ilikuwa nzuri kuliko zote.

Siku iliyofuata baba alijikokota njiani na homa yake vilevile, kiberiti kikaja na wawili, nao kuku wakawala. Baba alipopona aliuliza, "Ulihesabu?" Nikasema ndiyo, wachache waliokuwepo walikuwa nzi wa kawaida. Aliniamini, maana homa ilikuwa imemtia ukungu machoni, na mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Mwezi ukaisha. Bwana Mbung'o akaja, akalipigapiga daftari kwa kiganja, akampa baba mkono mbele ya watu, na njia ikafunguliwa.

Kibali cha kupitisha ng'ombe kilitaka waanze safari ndani ya siku kumi. Mpaka habari zimfikie Bibi, siku sita zilikuwa zimekwisha, na hapo ndipo kosa langu lilipozaa kosa la pili. Kwetu huwezi kuwaondoa ng'ombe juu ya marehemu kimyakimya. Unapika pombe ya mtama, unawaita ndugu, unammwagia na kumwambia: tunaondoka nao, usishtuke ukiamka zizi liko kimya. Na pombe ya mtama inataka wiki nzima. Bibi alikuwa na siku nne. Alisimama zizini na kibali mkononi ambacho hakuweza kukisoma, akapima, akaamua. Atarudi baada ya mavuno kumuaga mumewe kwa heshima yote. Akafungua zizi.

Siku walipofika niliwasikia kabla sijawaona, kengele zile na mlio wa ndama, na harufu yao ikatangulia kwenye msitu ambao haukuwahi kunusa ng'ombe. Nilikimbia nikaanguka, nikainuka, nikakimbia tena. Bibi alikuwa mbele, amechoka, miguu imevimba, kibuyu kimefungwa mgongoni kama mtoto. Akanishika mashavu akasema, "Mbona umekonda hivi, huko kwenye asali mlikuwa mnakula nini?" Miezi ile michache ndiyo niliyokuwa mtu mwenye furaha kamili. Niliamka kwa kibuyu. Mama akanenepa. Baba akaacha kutazama barabara ya Geita.

Mvua zilipoanza, yule jike mweusi aliyeongoza wengine akawa anabaki nyuma. Manyoya yakasimama, macho yakatoka machozi, mgongo ukaonekana mfupa kwa mfupa. Mimi nilijua siku ileile. Mtu mzima yeyote angeweza kusema ni minyoo, ni majani mapya, na walisema. Mimi nilijua, na nilikula, nikalala, nikaenda kwa katekista. Alikufa yeye, akafuata dume, wakafuata wale wa maziwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa masika tukabaki na ngozi kumi na nne zimewambwa juani na nzi wameziandama. Majirani wawili walioleta ng'ombe wao kwa njia ileile walipoteza pia. Bwana Mbung'o alikuja, akatembea njia mwenyewe, akarudi uso umemshuka. Akasema mbung'o wamerudi na mvua. Hakuna aliyelishuku daftari. Lilikuwa safi mno.

Bibi hakulia. Alibeba jogoo, akaenda kwa mganga, na mganga akampasua jogoo yule na kumsoma ndani kama desturi yetu ilivyo. Aliporudi alikaa chini taratibu. "Ni mimi," akamwambia baba. "Nilimwacha mume wangu bila kumuaga. Nilichukua ng'ombe juu ya kifua chake kama mwizi, naye amewafuata kuwachukua."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno lilikuwa mdomoni. Baba alikuwa ameinama, mama analia, na mimi nikaiona fimbo, nikaiona aibu ya baba mbele ya Bwana Mbung'o, nikamuona anafukuzwa kazi kwa kusema anajua kuandika. Nikameza. Siku ya tatu Bibi akafunga mzigo wake mdogo, akaondoka kwa miguu kurudi Mwakitolyo kuomba radhi. Nilimsindikiza mpaka kwenye kizuizi. Mtu wa wavu akampangusa mgongo, kwa upole kwa sababu alikuwa mzee, ingawa hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kumwambukiza. Kisha akapita.

Baada ya hapo hakuna aliyetulia tena. Baba alirudi kuchimba, tukahama, tukahama tena, vijiji vya Geita navijua kwa majiko yake. Mimi nikapelekwa kwa masista, nikaenda Tabora, nikawa mwalimu, nikaandika hadithi kwenye magazeti, kisha vitabu. Watu wakasema nina kipaji cha kufanya jambo lisilokuwepo lionekane lipo. Kila niliposikia sifa hiyo nilianza kufunga mizigo. Nimeishi Bukoba, Dodoma, Tanga, mpaka mume wangu akawa anauliza kwa utani kama atundike pazia au asubiri kwanza. Sikuweza kumwambia ninachokikimbia.

Ila nilijaribu mara moja kulimaliza. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa chuo mwenye viatu, nilishuka Shinyanga kwa treni, nikapanda lori, nikatembea kilichobaki, nimeazimia kumwambia Bibi. Nilimkuta anamenya karanga, amezeeka, amekuwa mdogo. Zizini kulikuwa na jike mmoja na ndama wawili. Jirani mmoja alimpa mtamba wa kumfugia, kama watu wanavyopeana kwetu, na yule mtamba akazaa, na ndama wa kwanza akaachiwa awe wake.

Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Kiberiti, penseli, kuku. Nilikuwa nalia hata maneno hayatoki sawasawa. Yeye aliendelea kumenya, ganda hapa, punje kule. Nilipomaliza akauliza, "Baba yako anajua?" Nikasema hajui. "Usimwambie."

Akamwaga maganda pembeni. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wala huruma: "Mjukuu wangu, mimi na babu yako tumeshamaliza. Nilimuomba radhi miaka minne. Nilimpikia pombe, nilimmwagia unga, nililala pale mlangoni kwake. Akanisamehe, akanipa ndama. Sasa unataka niende nikamwambie nini? Kwamba hakuwa amekasirika? Na huyu ndama alinipa kwa ajili gani?"

"Lakini Bibi, kosa lilikuwa langu."

"Hayo ya daftari yaache kwenye daftari," akasema. "Usinichukulie msamaha wangu. Nimeupata kwa shida. Na wewe kama una la kusema, mwenyewe yuko pale, nenda kamwambie."

Nikaenda. Nilipiga magoti katikati ya zizi, na viatu vyangu vya chuo, kwenye samadi, ndama mmoja akininusa mgongo. Na mimi ndiye niliyekuwa na maneno kwa kila jambo. Nilisema "Mwangaluka, guku," salamu ya asubuhi tu kwa babu, nikainuka. Nikajiambia nitarudi siku nyingine nimejiandaa. Bibi alifariki kabla ya siku hiyo, na baada yake sikuwa na ujasiri.

Mwaka juzi mpwa wangu alinipeleka huko. Mwakitolyo yote sasa ni dhahabu, ile ile ambayo baba yangu aliifuata mbali akaiacha chini ya godoro la baba yake. Maturubai, makarasha yanasaga mawe mchana kutwa, wachimbaji kutoka kila mkoa. Nilimwonyesha kwa mkono, nikipima kutoka kwenye miamba tuliyoanikia matobolwa, na pale lilipokuwa zizi kuna duara, shimo la kwenda chini hadi huoni mwisho, vijana wanavuta mifuko ya mawe kwa kamba. Mwenye duara alikuwa mtu mzuri. Akanipa kiti, akaniita mama, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia hapa alizikwa babu yangu.

Alivua kofia. Akasema kweli walipoanza kuchimba walikuta mifupa ya mtu, wakasimamisha kazi siku nzima, wakaikusanya vizuri kwenye kiroba wakaizika pembeni. Nikamuuliza pembeni wapi. Akatazama huku, akatazama kule, akamwita mwenzake, wakabishana kidogo, akarudi kwangu ameinamisha kichwa.

"Samahani mama," akasema. "Tumechimba sana tangu wakati ule. Hatukumbuki."